Kitabu cha Bwana Lodwick na Beseni la Letis

Bwana wetu, Lodwick Tarrant, hakuwa mkatili kuliko majirani zake. Naanza na hilo msije mkasema Winny ana chuki. Chuki ninayo, tena tele, lakini haki yake nampa. Viboko kwetu vilikuwa vichache kuliko kwa Meja Keeling ng'ambo ya mto, viatu vya majira ya baridi tulipata, na Krismasi alitupa mapumziko na pipa la pombe ya matufaha. Balaa lake lilikuwa moja tu: alikuwa na kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa kalenda ya mwaka, ile inayochapishwa mjini Williamsburg, ambayo aliifumua na kuishonea kurasa tupu katikati. Kila mwaka kalenda mpya, kila mwaka sindano na uzi. Asubuhi jua halijatoka, yeye keshaamka, keshasoma sura yake ya Biblia, na kabla hajavaa wigi anatoka barazani kunusa upepo. Unavuma kutoka wapi? Anaandika. Ng'ombe gani kazaa? Anaandika. Nani kavunja jembe, viwavi wamekula tumbaku ya upande gani, jana alikula nini na tumbo likaipokeaje, yote yamo. Akigombana na mkewe, Bibi Hana, anaandika hilo pia, na kitabuni siku zote mwenye haki ni yeye. Kuna siku Bibi Hana alikifungua akakuta, "Leo mke wangu alinikasirikia bila sababu." Lo! Siku ile sababu alipewa, tena za mwaka mzima, na sahani mbili zikavunjika. Sahani nazo aliziandika.

Mtaniuliza nimejuaje, na mimi hata herufi moja siijui. Bwana hakuweza kuandika kimya. Kalamu ikitembea, midomo nayo inatembea, na mimi niko pale na bakuli lake la maziwa ya moto nangoja amalize sentensi. Miaka yote ile nimekisikia kitabu kile kuliko nilivyomsikia mchungaji kanisani.

Mimi nilikuwa wa jikoni. Mdogo wangu, Letis, alikuwa wa nyumba ya wagonjwa, kibanda kile cha magogo nyuma ya kiwanda cha kukaushia tumbaku. Yeye ndiye aliyewaosha, aliyewageuza, aliyewalisha. Letis hakuwa mwenye maneno mengi, lakini akishaamua jambo humtoi, hata umvute na ng'ombe. Mtoto wake alimfia mikononi hajaanza hata kutambaa, na kabla maziwa hayajakauka wakamletea Fani, binti wa Bwana, amnyonyeshe, kwa sababu Bibi Hana alikuwa hoi kitandani. Basi Fani akakulia mgongoni kwa Letis. Ndiye mtoto pekee aliyewabakia Bwana na Bibi. Wengine wako chini ya nyasi karibu na shamba la matufaha.

Sasa, Bwana alijiona tabibu. Daktari wa kweli alikuwa mbali na alikuwa mlevi, kwa hiyo Bwana akaagiza sanduku la dawa kutoka London na kujifundisha mwenyewe. Ukiumwa kichwa, anakutoa damu. Ukiumwa mguu, anakutoa damu. Ukiumwa tumbo, hapo anafurahi, maana kwa tumbo alikuwa na unga mweupe wa kutapisha, na unga huo aliuamini kuliko binadamu yeyote. Anauchanganya na maji ya uvuguvugu kwenye kikombe cha bati, ukanywa, ukatapika mpaka ukamwita mama yako aliye kaburini.

Kila Agosti, tumbaku ikiwa imefika kiunoni na joto limebana, tumbo la damu, kule kuhara mpaka damu, lilikuwa likipita vibandani. Agosti moja likampata mama yetu, Jone. Alikuwa mtu mzima lakini ana nguvu, bado anapalilia. Bwana akamtapisha asubuhi. Akamtapisha tena mchana kwa sababu ya asubuhi haikumridhisha. Kesho yake akamfungua mshipa. Mama alilala pale, vidole vinaokota okota shuka kana kwamba anachambua mchele, akafa bila kutuambia neno. Bwana alihuzunika kwa dhati, sikatai. Akaenda akaketi akaandika, nami nasikia: "Jone amefariki. Alichelewa kuniita. Dawa ilifanya kazi vizuri lakini mwili ulikuwa umeshashindwa." Nilitaka kummwagia yale maziwa usoni.

Siku za ugonjwa hazikuwa zimeisha. Wiki ile ile Letis alikuja jikoni, akasimama mlangoni.

"Dada, nipe uji."

"Uji wa nani?"

"Wa kutapika."

"Ebo! Uji wangu unatapisha, wewe? Toka hapa."

"Sikiliza kwanza," akasema, na akaingia ndani akafunga mlango. "Bwana akishanipa kikombe hakai. Harufu inamshinda. Anasimama nje ananiuliza, 'Katapika?' Halafu anataka kuona beseni. Anachotaka ni beseni tu, dada. Nikimwonyesha beseni limejaa, ataandika, ataondoka."

"Na dawa yenyewe?"

"Naimwaga kwenye majivu."

"Wewe unajua dawa gani ya kumponya mtu?"

"Sijui ya kuponya," Letis akasema. "Lakini hiyo nimeiona inavyofanya."

Basi nikapika. Na mimi nikipika, napika! Unga wa mahindi kidogo, mwepesi sana, maji ya mboga upate ule ukijani, siki ya kuleta harufu, na tone la mafuta ya nguruwe lielee juu. Mungu anisamehe, nilikuwa najivunia. Bwana anachungulia beseni, wigi kalishika lisidondoke, anauliza, "Rangi ikoje?" Letis anamwambia, "Kijani kijani, Bwana." Naye, "Vizuri, vizuri sana. Nyongo inatoka." Anakwenda zake kwa furaha. Siku moja nikazidisha siki, Bwana akanusa akasema nyongo ya huyu ni kali mno, arudiwe dawa kesho. Letis alinijia anawaka.

"Dada, unapika au unacheza?"

Wagonjwa wetu wakawa wanapona. Si wote, wengine tumbo lenyewe liliwaua. Lakini wengi walipona. Vibanda vya mbali, kule ukingoni mwa msitu, Letis hakufika. Kule dawa ilitolewa na msimamizi wa Bwana, Hopkins, mzungu mmoja mwenye mikono kama koleo, na huyo hakuhitaji beseni wala nini. Alikuwa akimbana mtu pua mpaka ameze. Watu wa kule walikufa sana.

Hapa ndipo muone akili ya kitabu. Bwana aliwaweka watu wake pande mbili za ukurasa: hawa niliowatibu mimi, wamepona, hawa wa Hopkins, wamekufa. Dawa ni ile ile. Basi kosa ni la nani? Kalamu ikasita, midomo ikasita, mimi na bakuli langu nikashika pumzi. Akaandika, "Hopkins anapima kidogo mno. Nguvu ya dawa iko katika wingi." Tangu siku hiyo akaongeza kipimo. Mwaka uliofuata akaongeza tena. Nilimhadithia Letis tukacheka mpaka tukashikana mabega. Kwetu ilikuwa sawa tu. Majivu hayajali kipimo. Ya watu wa Hopkins nilijitia hamnazo, maana ningefanya nini?

Halafu Agosti ikaja ikamshika Fani.

Hata miaka mitano hakuwa ameitimiza. Asubuhi alikuwa jikoni kwangu ananiibia zabibu kavu, mchana analia na tumbo, na kufikia kesho yake nguo anazobadilishwa zina damu. Bibi Hana alikuwa anatembea chumbani huku na huku. Letis ndiye aliyemshika mtoto, hakuwaachia hata wao.

Bwana aliingia chumba cha kulia chakula, akatoa kalenda za miaka mitatu, akazifungua mezani zote pamoja. Nilikuwa naondoa vyombo. Kidole kilikuwa kinashuka ukurasani na midomo inakwenda: "Sara, alipona. Dik, alipona. Juba, alipona na alikuwa mbaya kuliko huyu." Machozi yakamtoka, akamwita mkewe kwa sauti kubwa, "Hana! Njoo uone. Tusiogope. Tazama, karibu wote wamepona. Imeandikwa hapa!"

Mimi nilibaki na sahani mikononi. Haki ya Mungu, nikaegemea kabati. Uji wangu ulikuwa umeandikwa pale, beseni kwa beseni, na sasa Bwana alikuwa anausoma kama Injili.

Akaenda kwenye sanduku lake akapima unga. Kikombe kile kile cha bati, lakini kipimo kilikuwa kile kipya, kilichonenepa. Letis alinyoosha mkono kama siku zote.

"Nipe, Bwana. Nitamnywesha."

"Hapana, Letis," akasema, tena kwa upole. "Huyu ni wangu. Nitamnywesha mwenyewe na nitakaa naye mpaka mwisho. Nitampa jua likipungua kidogo. Nimeona kuwa kwenye joto kali dawa haikai vizuri."

Letis alikuja jikoni anakimbia. Sijawahi kumwona anakimbia tangu tukiwa watoto.

"Dada, nakwenda kumwambia."

"Kumwambia nini? Nyamaza! Nyamaza hapo hapo."

"Hawezi kumaliza kikombe kile. Mama alipewa nusu ya kipimo hicho akafa."

"Letis, mdogo wangu, nitazame. Ukifungua mdomo utauzwa mbali, Karolina huko. Utachapwa kwanza, halafu utauzwa. Na mimi nitachapwa pamoja nawe, maana uji umetoka wapi? Kwa nani? Si kwangu?"

"Nitasema ni mimi peke yangu."

"Thubutu! Nani atakusadiki? Umeupikia wapi, kwenye kofia?" Nilikuwa nimeshika kisu, nikakitupa mezani, maana niliogopa hasira yangu mwenyewe. "Mtoto si wako! Wako alikufa, hata hawakukupa siku ya kumlilia, wakachukua maziwa yake wakampa huyu. Leo unataka kuwapa na shingo yako juu?"

Letis hakupaza sauti. "Ndiyo, wangu alikufa," akasema. "Kwa hiyo nimebaki na huyu."

"Nenda basi. Potelea mbali. Mimi simo. Ukienda, unakwenda peke yako."

Akaenda. Nikashika unga wa mkate nikaukanda, nikaukanda mpaka ukawa hauna maana tena. Nje kulikuwa na joto la kukata pumzi na mawingu yanajikusanya upande wa mto. Nilisubiri kusikia kelele, sikusikia. Hilo lilinitisha zaidi. Mwishowe nikasikia jina langu likiitwa kutoka juu, na haikuwa sauti ya Letis.

Nilipanda ngazi na unga mikononi. Fani alikuwa kitandani katikati, mdogo, amekwisha kabisa. Bibi Hana ameketi miguuni kwake. Letis amepiga magoti upande mmoja, na Bwana amesimama upande wa pili, kikombe mkononi. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa jambo la kipuuzi, anayetaka kulimaliza haraka arudi kwenye kazi.

"Winny," akasema, "dada yako... mdogo wako anasema mambo. Anasema wagonjwa wangu hawakunywa dawa. Anasema nilichokuwa nikikiona besenini ni uji wa jikoni kwako. Mimi nadhani hajalala, amechoka, kichwa kimemruka. Nisingependa kumwadhibu kwa hilo. Wewe niambie tu si kweli, ashuke akapumzike, nami nimnyweshe mtoto."

Mlango huo, mmeuona? Ameufungua mwenyewe, mpana, niingie na mdogo wangu tuwe salama. Neno moja tu. Nilikuwa nalo mdomoni, na sioni haya kusema hivyo. Fani hakunizaa wala sikumzaa. Watoto wangapi wa vibandani nimewaona wakiokota shuka namna ile, na nani alishuka ngazi kwa ajili yao?

Nikamtazama Letis. Hakunitazama. Alikuwa ameushika mguu wa mtoto chini ya shuka, ameushika kwa mkono mzima, na mgongo wake nikauona umeinama vile ulivyoinama siku alipomzika wake. Nikajua akimzika na huyu, akijua kilichomuua, sitabaki na mdogo. Nitabaki na mtu wa kutembea tu.

"Ni kweli, Bwana," nikasema.

"Kweli nini?"

"Uji. Unga wa mahindi, maji ya mboga na siki. Niliupika mimi."

Bwana akakiweka kikombe juu ya meza ya kando ya kitanda, polepole kisimwagike, akatoka. Tukamsikia anashuka. Nikadhani anafuata mjeledi. Nikaanza kuomba sala ambayo hata maneno yake siyajui vizuri. Akarudi na zile kalenda kifuani. Akaziweka kitandani, miguuni kwa mtoto wake anayeumwa, akafungua.

"Sara," akasema.

"Tulimwaga," Letis akajibu.

"Dik."

"Tulimwaga, Bwana."

"Juba? Juba nilimwona kwa macho yangu anajikunja."

"Alikuwa anaumwa tumbo, Bwana. Dawa hakunywa."

"Bristo."

"Bristo alikunywa. Siku ile ulibaki ndani."

Bristo alikufa. Bwana hakuuliza zaidi juu yake. Akafunua nyuma, akafunua tena, na nikaona anachokitafuta kabla hajakitaja.

"Jone."

"Mama alikunywa," nikasema mimi. "Mama alikunywa zote."

Alibaki na kidole juu ya ukurasa. Midomo ilikuwa inatembea lakini safari hii sikusikia kitu. Nikasema moyoni, sasa ameelewa, ameona wote wa Hopkins waliozikwa kule msituni. Labda aliona. Lakini mkono wake ulirudi kwenye kikombe. Sijui alitaka kufanya nini nacho. Nadhani hata yeye hakujua. Bibi Hana hakungoja ajue. Aliinuka, akakitwaa mkononi mwake, akaenda dirishani akamwaga chote nje, na akamwambia mumewe, "Toka, Lodwick. Toka na vitabu vyako." Naye akatoka.

Mvua ikanyesha usiku kucha. Mimi na Letis tulimpa Fani maji ya shayiri kwa kijiko, anatapika, tunampa tena. Siku ya kwanza nilijuta. Siku ya pili nilijuta zaidi, maana alizidi. Siku iliyofuata akaomba zabibu kavu. Letis alicheka na kulia kwa pamoja, kamasi zinamtoka, nikamwambia, "Jifute, mchafu wewe, utamrudishia mtoto ugonjwa."

Tulingoja adhabu. Haikuja. Bwana alikuwa shambani asubuhi hadi jioni, tumbaku ikakatwa, ikatundikwa, ikakauka. Hakutusemesha. Maziwa yake nilimpelekea kama kawaida, akaandika upepo na mvua na viwavi, na juu yetu hakutamka neno. Nikaanza kulala vizuri. Letis akawa anasema, "Unaona? Ni binadamu. Nimemrudishia mwanawe, anajua." Na mimi, mjinga, nikakubali.

Siku mapipa ya mwisho ya tumbaku yalipokuwa yanaviringishwa kwenda mtoni, likaja gari la farasi na mtu mgeni. Hopkins alimchukua Letis pale kisimani, na ndoo yake bado iko chini. Nilikimbia mpaka kwa Bwana. Nilimshika mguu, nyie. Mimi, Winny, nilimshika mguu.

"Bwana, amemwokoa mwanao! Fani yu hai kwa ajili yake!"

"Najua," akasema. Alikuwa mweupe kama karatasi. "Ndiyo maana hakuchapwa. Dawa ningemsamehe, Winny. Hata udanganyifu ningemsamehe, watu wote wanadanganya. Lakini miaka mitatu amenifanya niandike uongo. Kila nikimwona siwezi kufungua kitabu changu."

"Na mimi? Uji ulikuwa wangu! Niuze na mimi basi, twende pamoja!"

Akaondoa mguu wake akaenda zake. Mpishi wa kuikausha nyama ya nguruwe vile anavyoipenda hakuwa wa kumpata kirahisi, hilo tu. Nikaenda kwa Bibi Hana. Alikuwa na Fani mapajani, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mambo ya watu ni ya Bwana, na akageuza uso. Fani alimwita Letis mpaka kiangazi kilichofuata, kisha akamsahau, maana ni mtoto.

Lakini kabla ya hapo, wakati wa baridi wa mwaka ule ule, Meja Keeling alikuja kula, na wageni wengine wa upande ule. Nilikuwa naingia na sinia la nyama. Meja alikuwa analalamika jinsi tumbo la damu lilivyompunguzia watu. Bwana akasema, "Ngoja," akainuka, akaleta kalenda ya mwaka ule, akafungua mahali pa Agosti. Akasoma kwa sauti, vizuri, bila kusita:

"Binti yangu alishikwa na tumbo la damu. Nilimpa unga wa kutapisha kwa mkono wangu mwenyewe, kipimo kamili kile kipya. Alitapika vizuri. Kwa neema ya Mungu amepona kabisa."

Bibi Hana aliiangalia sahani yake. Meja akasema hajapata kusikia jambo la maana kuliko hilo, akaomba kalamu na karatasi, akanakili kipimo. Mgeni wa pili naye akaomba. Bwana aliwasomea tena taratibu ili wasikosee, na uso wake ulikuwa mtulivu, uso wa mtu anayesema kweli. Sinia nililiweka mezani. Sikulitupa. Mpaka leo sijui ni nani aliyenizuia mikono.

Nikarudi jikoni. Nasso, mwendesha gari wa Meja, alikuwa ameketi karibu na moto anakula mkate wa mahindi.

"Shangazi Winny, kuna nini? Wamekuudhi huko ndani?"

"Kaka Nasso, kwenu wagonjwa anawatazama nani?"

"Mke wangu. Kwani?"

Nikamkalia karibu nikamweleza yote, unga, kikombe, majivu, uji na siki isizidi, na kwamba Bwana wake anakwenda nyumbani na karatasi mfukoni. Nikamwambia na mkewe awaeleze wa mashamba mengine wanapokutana kanisani. Alisikiliza mkate ukiwa mkononi, hautafuni tena.

"Wakiniuliza nimeyatoa wapi?" akasema. "Nikutaje?"

"Usinitaje mimi," nikasema. "Sema Letis kasema wamwage."